Nukta ya Piko

Zile skrubu ndizo alizoziona kwanza. Kisanduku kilikuwa na skrubu nne, moja kila pembe. Mbili zilikuwa nyeusi kwa kutu na vumbi la miaka. Mbili ziling'aa kama zilizotoka dukani asubuhi ile.

Tumu alikuwa dirishani na cherehani yake, leso isiyopindwa imemlalia magotini. Mtu anayepinda leso tangu asubuhi hadi alasiri, macho yake hufundishika kazi moja: kuona pale uzi ulipobadilika. Akiletewa leso iliyoanzwa na mshonaji mwingine, hujua mkono wa kwanza ulikoma wapi bila kuuliza. Basi fundi Wekesa alipokitoa kile kisanduku katika mfuko wake wa kazi akakiweka juu ya gunia, kivulini mwa lori, hatua sita kutoka dirishani, Tumu aliziona skrubu kabla ya kuona kitu kingine chochote. Kisha akaona jambo la pili. Fundi alitia vidole katika mfuko wa shati, akagusa kitu kilichokuwamo, akakiacha humo humo.

Moyo ukamwambia Tumu: huyu ana neno.

Lori lilikuwa la babake, Badawi. Lilishuka melini likiwa limeshatumika huko Japani, na kwa miaka kumi na mmoja limekuwa likichukua marobota ya leso kutoka maghala ya bandarini hadi maduka ya Biashara Street. Juu ya kioo cha mbele liliandikwa Mashallah kwa rangi ya kijani. Nyumba yao ya Bondeni ilikula kwa lori hilo, na mwezi ule lilikuwa limeanza visa. Lilikuwa likienda vizuri, mara nguvu zikalikimbia. Taa ya manjano ikawaka, likazimika katikati ya barabara, magari ya nyuma yakipiga honi. Likipumzishwa, likawaka. Likiwaka, halifiki mbali.

Wekesa, fundi wa umeme wa magari katika gereji iliyo nyuma ya uwanja wa Tononoka, alipima betri, akapima waya mmoja mmoja, akachomeka mashine yake ndogo ya kupimia, akatikisa kichwa.

"Ni kompyuta ya injini, mzee," alimwambia Badawi. "Magari ya zamani kabisa hayakuwa nayo. Hili lako ni la zamani, lakini si la zamani kiasi hicho. Hiki kisanduku ndicho kinachoziambia nozeli zitoe dizeli kiasi gani na wakati gani. Akili ikikiruka, injini nayo inachanganyikiwa."

Alikifungua kutoka chini ya dashibodi, upande wa abiria, pale miguu inapokaa, akaenda nacho gerejini kukipima vizuri. Alikaa nacho siku mbili. Sasa amekirudisha, na skrubu mbili ni mpya.

Badawi alikuwa ameshajiandaa kutoamini. Barazani, baada ya sala, kila mtu alikuwa na kisa chake cha fundi. Fundi anakutolea kizima, anakutilia kibovu, kisha anakuuzia kile kizima chako mwenyewe, nawe unamshukuru na chai unampa. Ndiyo maana siku ile alimwambia Tumu, "Mwanangu, kaa dirishani. Shona, lakini jicho liwe nje."

Alimwamini kwa kazi hiyo kwa sababu Tumu hakuwa msemaji. Shule aliiacha darasa la sita. Mwalimu alikuwa akimsimamisha asome mbele ya wenzake, naye akisimama midomo imefungika mpaka kengele ilie, na mamake alipougua mguu akaambiwa abaki nyumbani, yeye alifurahi kimoyomoyo. Sasa ana miaka ishirini na miwili na bado maneno humfia kooni. Nyumbani walijifunza kumsoma. Akikubali, huinamisha uso. Akikataa, huganda. Miaka miwili nyuma ilipoletwa posa, aliganda, na Badawi akawarudisha wale watu kwa heshima bila kumuuliza mara ya pili. Alijivunia jambo hilo. "Kimya cha mwanangu nakisoma kama gazeti," aliwaambia watu.

Basi Tumu alimnong'oneza mamake habari ya skrubu na ya mfuko wa shati, na mama akampelekea baba.

Badawi alitoka nje, kofia kichwani, mikono nyuma.

"Fundi, habari za tangu asubuhi?"

"Njema, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tupe habari ya mgonjwa."

"Amekufa, mzee. Maji yamemuingia." Wekesa alikigeuza kisanduku, akaonyesha safu ya pini ndogo pale waya zinapochomekwa. Zilikuwa zimeota kijani. "Hii ni kutu ya shaba. Na ndani ni hivyo hivyo. Itabidi tutafute nyingine, yenye namba hii hii."

"Maji." Badawi alilitamka neno lile kama anayeonja mchuzi asioutambua. "Lori langu halina tundu juu, fundi. Mlango haupitishi mvua. Na kwa mvua, mwaka huu tumeona mvua gani?"

"Sijui yametoka wapi. Nasema tu yameingia."

"Na hizi skrubu mpya nazo zimeingia zenyewe?"

Wekesa alikohoa. Alikuwa mtu mrefu wa bara, wa Bungoma, na miwani yake ilifungwa sikio moja kwa kipande cha waya. "Zile mbili zilikatika vichwa nikifungua. Nimetia zangu."

"Ahaa." Badawi aligeuka akatazama dirishani, kisha akamgeukia tena fundi akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Zako. Mkarimu wewe."

Tumu alikanyaga cherehani asisikie zaidi, lakini alisikia. Aliisikia pia sauti ya fundi ikishuka, kama mtu anayejua kwamba akieleza atazidi kuharibu. Mtu asiye na hatia, aliwaza Tumu, si angepaza sauti? Yeye mwenyewe hakuwahi kupaza sauti maishani mwake, lakini hilo hakulifikiria siku ile.

Hata hivyo lori lilikuwa lazima litembee. Wenye maduka walikuwa wakipiga simu. Kompyuta nyingine ikatafutwa kwa wauza vipuri vya Japani, namba ile ile, na Badawi akataka ifikie mkononi mwake kwanza, isipite kwa fundi. Alipoileta nyumbani alimwita Tumu chumbani.

"Itie alama," alisema. "Alama unayoijua wewe tu. Usinionyeshe hata mimi, nisije nikaropoka barazani. Siku akiibadilisha, utajua wewe."

Tumu alifikiri kidogo. Kisha akachukua piko, ile rangi nyeusi aliyowachorea maharusi mwezi uliopita, akachovya ncha ya njiti, akatia nukta moja ndogo kwenye karatasi ya namba iliyobandikwa ubavuni, ndani kabisa ya duara la tarakimu sifuri. Piko ikishanywewa na karatasi haitoki. Aliyeitazama angedhani ni uchafu wa kiwandani.

Siku ya kuitia, Wekesa alichomoa betri kwanza. Alifungua, akafunga, akachomeka soketi kwa vidole vyake virefu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akakaa muda mrefu na mashine yake akiingiza namba za nozeli, moja moja, akizisoma kwa sauti ya chini. Tumu hakukiondolea macho kisanduku hata dakika moja. Chai alimpelekea yeye mwenyewe, akaiweka juu ya ngazi ya lori, akarudi bila kumtazama usoni.

"Ahsante, dada," alisema Wekesa. Halafu, akiwa bado ameinama, akasema kama anayejisemea, "Hili lori linanukia vizuri kuliko nyumba yangu."

Tumu alishuku hata maneno hayo. Kwa nini atake kumpendeza?

Lori liliwaka mara ya kwanza. Badawi alilizungusha mpaka Tononoka na kurudi, akashuka akasema "Naam", basi. Shukrani hakutoa. Wekesa alifuta spana zake kwa kitambaa, moja moja, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, mamake, Fadhiya, alimwita Tumu jikoni akampa mrashi, ile chupa ya kunyunyizia.

Hapa lazima lielezwe jambo ambalo Badawi hakulijua. Mwaka uliopita jirani mmoja alilisifu lori, akalisifu tena, akaenda zake bila kusema Mashallah. Fadhiya hakulala. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, wakati Badawi yuko barazani akingoja magharibi, Fadhiya alitengeneza maji: chumvi ya mawe iliyosomewa, ikayeyushwa katika maji ya moto, na marashi mawaridi juu yake. Tumu ndiye aliyekwenda kuyanyunyiza, kwa sababu mguu wa mamake haukuweza kupanda ngazi ya lori. Pembe nne za ndani, chini ya viti, na zaidi upande wa abiria, maana, alivyosema Fadhiya, jicho huingia na abiria. Badawi hakuyapenda mambo hayo. Aliwahi kumkataza mkewe kwa kiapo asitie maji wala moshi garini mwake. Dua, alisema, ni ya kinywani, si ya chupani. Kwa hivyo yalifanywa kimya kimya, na nani angeweza kufanya kitu kimya kimya kumshinda Tumu?

"Leo usibane mkono," alisema Fadhiya. "Limekuwa mgonjwa hili. Fundi mwenyewe ana macho gani, hujui. Litie mpaka lilowe."

Tumu akaenda akalitia mpaka likalowa. Na Alhamisi ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu.

Jumatano ya wiki ya nne, asubuhi, lori lilizimika mbele ya maduka ya leso, na robota zima liko nyuma. Wanaume sita walilisukuma pembeni. Badawi alirudi nyumbani kwa miguu, uso umemsawijika, na hakuingia ndani hata kunywa maji. Alimpigia Wekesa simu hapo hapo mlangoni.

"Fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi, "njoo uone kazi yako."

Lori lilivutwa mpaka mbele ya nyumba. Wekesa alikuja, akainama chini ya dashibodi, akakaa humo muda mrefu. Alitoka na kisanduku mkononi. Alikitazama tu, akakigeuza, akakitazama tena. Pini zilikuwa zimeota kijani.

"Haiwezekani," alisema mwishowe. "Wiki nne."

"Inawezekana kama si ile tuliyoitia," alisema Badawi. "Inawezekana kama ile yangu iko gerejini kwako, na hii umenipachikia siku ile uliyorudi hapa, ukisema unakuja kukaza soketi."

"Mzee, siku ile sikugusa kisanduku. Nilikaza waya wa betri."

"Tutaona. Tumu!"

Alitoka na buibui lake, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Badawi akachukua kisanduku mkononi mwa fundi, akampa.

Tumu alikiinua. Kabla jicho halijafika kwenye karatasi, pua ilikuwa imeshafika. Kilinukia mawaridi. Si kwa mbali. Kilinukia kama kitambaa cha mamake. Na kwenye mkunjo wa bati, pale kifuniko kinapokutana na ubavu, palikuwa na punje nyeupe, tatu nne, kama sukari. Kisha akaona nukta. Ilikuwa pale pale, nyeusi, katikati ya sifuri.

"Alama ipo?" aliuliza Badawi.

Ilikuwapo. Neno lilikuwa fupi na jepesi: ipo. Lakini nyuma ya neno lile yalikuwa yamejipanga mengine, la mama, la Alhamisi, la kiapo, na akifungua mdomo kwa moja yatatoka yote. Tumu alisimama na kisanduku mkononi, akaganda.

Badawi alimtazama kwa muda ambao mtu huhitaji kusoma mstari mmoja wa gazeti.

"Basi," alisema. "Nimeshajua."

Akakichukua kisanduku, akakifunga katika kipande cha leso. "Ijumaa, baada ya sala, tutakwenda kwa Jefwa. Utasema huko."

Wekesa alimtazama Tumu. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama alivyozitazama zile pini, kama kitu kisichoingia akilini. Kisha akachukua mfuko wake akaondoka bila kunywa chai.

Jefwa alikuwa mkubwa wa gereji ile, na sheria ya pale kila mtu wa kisiwani aliijua. Fundi aliyethibitishiwa kwamba amebadilisha kipuri cha mtu, sanduku lake la spana hubebwa na mafundi wawili mpaka barabarani, likawekwa chini. Hakuna makelele wala polisi. Lakini tangu siku hiyo hakuna fundi wa Mombasa atakayemwazima hata bisibisi, na mwenye gari atakayempa ufunguo wake hayuko. Wekesa alikuwa gerejini pale kwa miaka kumi na tisa.

Alhamisi, baada ya alasiri, Fadhiya akatoa mrashi kama kawaida.

"Mama," alisema Tumu. Akasema tena, "Mama, kile kisanduku kilinuka marashi."

Fadhiya aliendelea kukoroga chumvi. "Kila kitu ndani ya lori hilo kinanuka marashi. Ndiyo faida yake."

"Na kilikuwa na chumvi."

Kijiko kilisimama. Fadhiya hakugeuka. "Maji yaliyosomewa hayaharibu kitu, mwanangu," alisema, lakini alilisema polepole. Akaongeza, "Na babako akijua kwamba nimevunja kiapo chake mwaka mzima, tutakaaje humu?"

Akampa mrashi. Tumu akaupokea.

Alipanda ndani ya lori akafunga mlango. Joto lilikuwa kali na hewa nzito ya mawaridi, harufu ambayo yeye hakuwahi kuisikia kama kitu cha ajabu, maana aliizoea. Aliinua mkeka wa miguu upande wa abiria. Chini yake bati lilikuwa na mistari myeupe, mingi, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji yanayokauka ufukweni. Na yote ilielekea pahala pamoja, kwenye tundu tupu la kisanduku, ambapo waya zilining'inia. Alikuna mstari mmoja kwa ukucha. Akaonja. Chumvi.

Alikaa pale mpaka akasikia adhana. Mrashi ulikuwa mapajani mwake umejaa. Aliporudi ndani aliuweka juu ya meza ya jikoni vile vile ulivyokuwa, na mamake akauona.

Ijumaa gereji ilikuwa kimya, nusu ya mafundi bado wako misikitini na nusu wakila chini ya mabati. Jefwa aliketi juu ya tairi, mtu mnene, Mgiriama, fulana yake nyeusi kwa oili toka siku alipoinunua. Wekesa alisimama kando. Sanduku lake la spana lilikuwa miguuni pake, limefungwa, na kifuniko kimefutwa kikang'aa. Tumu aliliona hilo kwanza. Fundi alikuwa ameshajipangia vyombo vyake mwenyewe, asiwape wenzake tabu.

Badawi aliamkia, akaamkiwa, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu ni njema. Kisha akafungua leso, akaweka kisanduku juu ya meza ya mbao iliyojaa misumari, akaeleza yote kwa mpango: kisanduku cha kwanza, skrubu mpya, kitu mfukoni mwa shati, kisanduku cha pili, alama, wiki nne.

"Mfuko wa shati," alisema Jefwa. "Wekesa, ndani yake mlikuwa na nini?"

Wekesa alitia vidole katika mfuko ule ule, akatoa kifuko cha karatasi, akakikung'utia mezani. Skrubu mbili nyeusi, hazina vichwa, na vichwa vyake viwili pembeni.

"Nilizihifadhi nimwonyeshe mzee," alisema. "Aliponiambia mimi ni mkarimu, nikaona sina haja tena."

Fundi mmoja aliyekuwa akila alicheka, akajifanya amepaliwa.

Badawi alizitazama zile skrubu. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Lakini alijikaza. "Skrubu ni skrubu. Alama je? Mwanangu alitia alama, na alama haipo."

"Alama gani? Iko wapi?"

"Ajuaye ni yeye."

"Basi na aseme yeye."

"Huyu si msemaji, bwana Jefwa. Nilimuuliza juzi, akaganda. Kimya chake mimi nakijua."

"Wewe unakijua," alisema Jefwa, "na Mungu akuzidishie. Lakini mimi siwezi kutoa sanduku la mtu barabarani kwa kimya." Alikivuta kisanduku akakiinua karibu na uso akitafuta alama, na pua yake ikakunjana. Akakinusa tena. "Hebu. Wekesa, hii ni kompyuta ya lori au ni bwana harusi?"

Sasa walicheka wazi, hata waliokuwa mbali.

"Na mimi nilishangaa," alisema Wekesa. "Nilidhani ni mafuta ya nywele ya mzee."

Badawi hakucheka. Alikuwa amekichukua kisanduku mkononi mwa Jefwa na kukinusa, na Tumu aliuona uso wa babake ukisimama. Aliijua harufu ile. Alikuwa akilala nayo miaka ishirini na mitano. Lakini kuijua ni jambo moja na kukubali alichokijua ni jambo jingine, na alikiweka chini upesi kama kilichomchoma. "Huenda wameipaka ili kuficha," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Mwanangu," Jefwa alimgeukia Tumu. "Usiogope. Fundi huyu aliibadilisha kompyuta, au hakuibadilisha?"

Tumu aliinamisha uso.

"Mmeona," alisema Badawi. "Akiinamisha uso, amekubali."

Wekesa hakungoja. Aliinama, akashika mkono wa sanduku lake. Spana zilisogea ndani, mlio mdogo wa chuma kugongana na chuma, na Tumu alikuwa akizitazama nyuzi za kitambaa kilichochomoza kwenye kifuniko, kile fundi alichokuwa akizifutia moja moja mbele ya dirisha lake.

Aliinua uso.

"Alama ipo," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, na Jefwa akawanyamazisha wenye sahani kwa kiganja. Badawi aligeuka kama mtu aliyeitwa na asiyemjua.

"Ipo, baba. Ni nukta ya piko, ndani ya sifuri, ubavuni. Ilikuwapo juzi na ipo sasa. Fundi hakubadilisha kitu. Hata kile cha kwanza hakubadilisha."

Badawi alichukua kisanduku tena. Alikisogeza kwenye mwanga, akakiinamia, na kidole chake kikatafuta mpaka kikafika. Hakuinua macho.

"Na maji?" aliuliza Jefwa taratibu. "Maji yalitoka wapi?"

Mikono ya Tumu ilikuwa imeshikana ndani ya buibui. Alimwona mamake jikoni, kijiko kimesimama katika chumvi. Hilo la mama angelibakiza nyumbani, likasemwe huko na mwenyewe. Lakini lake hakuwa na mahali pa kuliweka tena.

"Maji ni mimi, baba. Kila Alhamisi, ukiwa barazani, mimi ndiye niliyeyatia. Na Jumatano uliponiuliza, nilikuwa nimeshaisikia harufu."